Mgongo ulitibiwa, figo zikaumia: uchambuzi wa kisa kimoja cha maumivu sugu

## Kwa nini kisa hiki

Kisa hiki kilijadiliwa katika kipindi cha asubuhi cha elimu endelevu ya madaktari, kile ambacho wengi hukihudhuria kwa ajili ya pointi za leseni na chai. Kinatoka katika hospitali moja ya rufaa ya mkoa, Tanzania Bara. Mgonjwa aliridhia kitumike kufundishia. Jina, mji, shule na tarehe vimeondolewa, na mambo machache yasiyogusa tiba yamebadilishwa.

Hakina ugonjwa adimu wala dawa mpya. Kina mgongo unaouma, presha, na kidonge kinachouzwa kila mtaa. Daktari wa wilayani anaweza kumaliza mwaka bila kukutana na ugonjwa wa ajabu wa neva, lakini mgonjwa wa namna hii huenda yuko kwenye benchi lake kesho asubuhi.

Tunaposema maumivu sugu tunamaanisha yale yanayodumu au kujirudia kwa zaidi ya miezi 3. Orodha ya kimataifa ya magonjwa, ICD-11, iliyoanza kutumika Januari 2022, imeyapa nafasi yake yenyewe: maumivu yanaweza kuwa ndiyo ugonjwa, si dalili ya ugonjwa mwingine tu. Kwenye makaratasi mabadiliko hayo ni makubwa. Vyumbani mwetu tunamoonea wagonjwa bado hayajaingia.

## Usuli

Mgonjwa ni mwalimu wa shule ya msingi, mwanamke wa miaka hamsini na kitu, mjane anayelea wajukuu. Tumwite Mwalimu, kama alivyoitwa na kila mtu hospitalini. Alikuwa na presha ya kupanda kwa miaka kadhaa, iliyotulia vizuri kwa losartani mg 50 kwa siku. Hakuwa na kisukari, kipimo cha VVU kilikuwa hasi, na hakuwahi kuugua kifua kikuu. Kreatinini yake ya mwisho kabla mambo hayajaharibika (taka ya damuni inayopanda figo zikishindwa kuchuja) ilikuwa mikromoli 79 kwa lita.

Mgongo ulianza miaka mitatu nyuma, siku aliposaidiana na wanafunzi kuhamisha madawati. Kiuno kilikaza, na kesho yake hakuweza kuinuka kitandani bila kushikwa mkono. Kituo cha afya kilimpima mkojo, zikaonekana seli chache za usaha, akaambiwa ana UTI. Msomaji wa Tanzania atatabasamu hapa. Kiuno kikiuma, jibu la kwanza ni UTI, la pili ni figo, mgongo wenyewe huja wa tatu. Akaandikiwa antibayotiki ya siprofloksasini, akachomwa sindano ya diklofenaki mg 75, dawa ya kutuliza maumivu na uvimbe, akapewa na vidonge vya diklofenaki mg 50 vya kumeza mara tatu kwa siku kwa siku tano.

Sindano ilimtuliza. Aliondoka akitembea wima, na kichwani mwake jambo likawa limekwisha: dawa ya mgongo ni ile. Hakuna aliyemwambia kwamba maumivu mengi ya kiuno ya ghafla hupungua yenyewe ndani ya wiki chache, sindano iwepo isiwepo.

## Mlolongo wa matukio

Maumivu yalirudi baada ya miezi miwili, safari hii yakishuka kwenye paja la kushoto mpaka pembeni mwa mguu. Hakurudi kituoni kupanga foleni. Alipita duka la dawa karibu na shule, akaeleza shida, akapewa vidonge kwenye kibahasha. Ikawa desturi: dawa zikiisha anapita tena, na duka hili likiwa limefungwa anakwenda lile la ng'ambo ya barabara, ambako alipewa kitu kingine chenye rangi nyingine. Jirani alimshauri achome "sindano za mishipa", yaani mchanganyiko wa vitamini B. Alichoma kadhaa. Kuna kipindi alitumia pia unga wa kahawia kutoka kwa muuzaji wa dawa za asili, usio na jina wala maelezo, na anasema ndio uliomsaidia kuliko vyote. Unga wa namna hiyo ukimtuliza mtu ndani ya saa moja, daktari ana haki ya kujiuliza kama hamna dawa ya viwandani iliyosagwa humo.

Mwaka wa pili watoto wake walichanga fedha, akapelekwa mjini kupigwa picha ya MRI. Ripoti ilisema diski kati ya pingili ya nne na ya tano za kiuno imevimba kidogo kuelekea nyuma, na iliyo chini yake imechakaa. Aliyemsomea ripoti alimwambia diski imetoka, asiiname, asiinue kitu, avae mkanda wa mgongo muda wote, na kwamba akifanya mchezo atapooza.

Kwa maoni yangu, maneno hayo yalimdhuru Mwalimu karibu sawa na vidonge. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2015 yalikusanya picha za migongo ya watu wasio na maumivu yoyote. Kwa wenye umri wa miaka 50, takriban 80 kati ya 100 walikuwa na diski zilizochakaa, na takriban 60 walikuwa na diski zilizovimba kama yake. Picha ile ilikuwa ya kawaida kwa mwanamke wa umri wake. Yeye aliipokea kama hukumu. Aliacha kwaya kwa sababu ya kusimama, akaacha bustani ya mboga, akaanza kufundisha akiwa amekaa, akapanda bodaboda hata kwa umbali wa kutembea. Usiku alipata usingizi wa saa tatu au nne tu, akigeuka kwa hofu.

Wakati huohuo, kwenye kliniki ya presha ya hospitali nyingine, namba zilianza kupanda. Presha ikafika 160 kwa 96, losartani ikapandishwa hadi mg 100. Miezi michache baadaye bado iko juu, ikaongezwa haidroklorothiazaidi mg 25, dawa ya presha inayoongeza mkojo. Kila uamuzi ukiutazama peke yake ni sahihi, mwongozo unaukubali. Hakuna aliyemuuliza kuhusu mgongo, kwa kuwa ile ilikuwa kliniki ya presha. Na yeye hakusema, kwa kuwa alikwenda kwa ajili ya presha.

## Siku dawa zilipomwagwa mezani

Alifika hospitali ya rufaa akilalamika miguu kuvimba na uchovu. Presha 176 kwa 102. Daktari kijana aliye kwenye mafunzo kwa vitendo ndiye aliyempokea.

"Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu."

Akamwomba amwoneshe dawa zote anazotumia. Akaonesha za presha. Akamuuliza, na za mgongo je?

"Hizo si za hospitali, mwanangu. Ni zile za kawaida tu."

Kijana hakuendelea na ukurasa. Aliomba azione hizo za kawaida. Mwalimu akafungua mkoba, akamwaga mezani vibahasha vya karatasi. Vingine viliandikwa "1x3" kwa kalamu ya bluu, kingine "1x2 baada ya kula", kimoja kiliandikwa MGONGO. Jina la dawa halikuwepo hata kwenye kimoja. Ndani mlikuwa na pakiti zilizokatwa kwa mkasi vidonge viwili viwili, na mkasi ulipita katikati ya maandishi: kipande kimoja kilisomeka nusu ya mwisho ya jina, kingine namba ya toleo pekee.

Mfamasia aliitwa. Walikaa pamoja, wakalinganisha vipande, wakapata picha hii: diklofenaki mg 50 mara tatu kwa siku, kidonge cha mchanganyiko wa diklofenaki na parasetamoli mara mbili kwa siku, chenye mg 50 nyingine za diklofenaki kila kimoja, meloksikamu mg 15 usiku. Siku ambayo maumivu ni makali alikuwa anameza mg 250 za diklofenaki, wakati kikomo cha kawaida ni 150, na juu yake dawa nyingine ya jamii ileile. Yeye alijua anatumia dawa tatu tofauti. Figo zilijua ni moja.

Vipimo vya siku hiyo: kreatinini 231, potasiamu 5.7 (imezidi), hemoglobini 10.6 (damu imepungua). Ultrasaundi ilionesha figo za ukubwa wa kawaida, jambo lililotoa matumaini kwamba madhara ni ya karibuni. Kipimo cha umeme wa moyo hakikuwa na dalili za potasiamu iliyozidi.

## Maamuzi na sababu zake

Alilazwa. Dawa zote za jamii ya diklofenaki zilisimamishwa siku hiyohiyo, pamoja na ule unga. Losartani na haidroklorothiazaidi zilisimamishwa kwa muda, akaanzishiwa amlodipini, dawa nyingine ya presha. Sababu ni ya kifiziolojia na inafaa kurudiwa polepole. Chujio la figo lina mshipa mdogo unaoingiza damu na mwingine unaoitoa. Prostaglandini, kemikali za mwili wenyewe, huuweka wazi ule wa kuingiza, na diklofenaki huzizuia prostaglandini hizo. Losartani huulegeza ule wa kutoa, hivyo shinikizo ndani ya chujio hushuka. Haidroklorothiazaidi hupunguza maji mwilini. Zikikutana zote tatu, damu inaingia kidogo, inatoka kirahisi, na yenyewe imepungua. Utafiti uliochapishwa katika jarida la tiba la BMJ mwaka 2013 ulionesha kwamba wanaotumia mchanganyiko wa tatu hizi walikuwa na kiwango cha kuumia figo ghafla kilichozidi kwa asilimia 31, na katika siku 30 za kwanza kilizidi kwa asilimia 82.

Uamuzi wa pili ulikuwa kuuchunguza mgongo upya kana kwamba hakuna aliyewahi kuugusa. Mgonjwa aliyepita umri wa miaka 50, mwenye maumivu ya mgongo, figo zilizoshindwa na damu iliyopungua, lazima afikiriwe saratani ya uboho iitwayo mieloma, hata kama una maelezo mengine mazuri mkononi. Kalsiamu ilikuwa ya kawaida, kasi ya damu kutuama haikuwa ya kutisha, na sampuli ya kuchambua protini za damu ilitumwa mjini ikarudi safi. Alipimwa matiti na mlango wa kizazi. Hakuwa na homa, kupungua uzito wala jasho la usiku, na picha yake haikuonesha pingili zilizoliwa, hivyo kifua kikuu cha uti wa mgongo kiliwekwa pembeni. Aliulizwa waziwazi kuhusu kushindwa kuzuia mkojo au kinyesi na ganzi katika sehemu za kukalia. Hilo swali wengi hulikwepa kwa aibu, hasa daktari akiwa kijana na mgonjwa umri wa mama yake. Aliuliza muuguzi wa kike, akajibiwa vizuri. Upungufu wa damu ulihusishwa na tumbo, ambalo nalo lilikuwa limekula vidonge kwa miaka.

Baadhi ya madaktari walipendekeza MRI ya pili na rufaa kwa mpasuaji wa neva. Hoja hiyo ilikataliwa kwa kuwa nguvu ya mguu ilikuwa kamili na hakuna kilichokuwa kinazidi kuharibika. Picha nyingine ingempa maneno mapya ya kuogopa, na isingebadilisha tiba.

Kisha maumivu yenyewe yalipimwa. Namba ya 0 hadi 10 haikusaidia. Mwalimu alisema 8 akiwa amekaa, 8 akiwa amesimama, 8 akicheka na muuguzi. Dodoso la DN4, ambalo alama 4 kati ya 10 huashiria maumivu ya neva, lilitoa 5: mguu unaungua, unapiga shoti kama umeme, una ganzi, sindano inahisiwa hafifu pembeni mwa unyayo, na sisimizi wanatembea. Kwa hiyo palikuwa na maumivu ya aina mbili, kiuno na neva ya mguu, na diklofenaki si dawa ya hiyo ya pili.

Ikaongezwa PEG, maswali matatu: maumivu kwa wiki, yanavyoharibu raha ya maisha, yanavyozuia shughuli. Wastani ulikuwa 8.3. Halafu akaulizwa swali lisilo na alama: mgongo ukipungua nusu, utafanya nini ambacho hukifanyi sasa? Akajibu bila kufikiri kwamba atasimama kipindi kizima darasani, na atarudi kwaya. Malengo ya tiba yakaandikwa kwa maneno hayo.

Kwenye dawa palikuwa na mabishano ya kweli. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani (WHO) wa Desemba 2023 kuhusu maumivu sugu ya kiuno yasiyo na chanzo mahususi haupendekezi afyuni (jamii ya morfini na tramadoli), wala amitriptilini na gabapentini, ambazo hutumika kwa maumivu ya neva. Dawa pekee ya kumeza inayoungwa mkono ni jamii ya diklofenaki, ambayo kwa figo hizi haigusiki. Pregabalini, ndugu ya gabapentini, ilijaribiwa kwa maumivu ya neva ya mguu katika utafiti wa 2017, haikushinda kidonge bandia. Tramadoli ilipendekezwa na mmoja wa madaktari na Mwalimu mwenyewe alikuwa amesikia habari zake. Ilikataliwa: hujikusanya figo zikiwa dhaifu, na utafiti wa SPACE wa mwaka 2018, uliowafuata wagonjwa 240 kwa miezi 12, ulionesha afyuni hazikurudisha shughuli za mtu kuliko dawa za kawaida. Mwishoni iliamuliwa nusu kidonge cha amitriptilini mg 25 usiku, kwa ajili ya mguu na usingizi, na ikaandikwa kwenye faili kwamba ni jaribio la wiki sita, lisiposaidia liachwe. Ushahidi wake kwa neva ya mguu ni mwembamba. Ninaamini kuuandika wembamba huo kwenye faili ni sehemu ya tiba.

Maelezo aliyopewa yalichukua muda mrefu kuliko maandiko yote. Daktari alimwambia kwamba neva zake sasa ni kama kengele ya shule iliyokwama, inaendelea kulia ingawa wanafunzi wameshatoka. Kelele ni ya kweli, lakini haimaanishi kuna kitu kinavunjika. Alielezwa kuhusu picha za watu wa umri wake wasioumwa. Akauliza, "Kwa hiyo sitapooza?" Akajibiwa kwamba hakuna dalili hata moja inayoelekea huko, na akatajiwa dalili ambazo akiziona arudi siku hiyohiyo. Akaambiwa pia waziwazi kwamba huenda maumivu yasiishe kabisa.

Mtaalamu wa fiziotherapia, aliye peke yake kwa hospitali nzima, alimwona mara chache tu. Alitumia muda huo kupanga mambo ya nyumbani: kushuka kwenye bodaboda kabla ya kufika shuleni na kumalizia kwa miguu, umbali ukiongezwa kila wiki hata siku zenye maumivu, kuvua mkanda kwa saa moja, kisha mbili, mpaka uachwe, kujifunza kuinama tena, kwanza kwa kuokota daftari juu ya kiti.

## Msiba na sindano

Wiki sita za kwanza zilikwenda vizuri. Kreatinini ilishuka hadi 168 ndani ya wiki, kisha 104. Amitriptilini ilimletea kinywa kikavu na usingizi mzito wa asubuhi. Ikagundulika alikuwa anaimeza saa tano usiku baada ya kusahihisha madaftari. Ilipohamishiwa saa mbili usiku, asubuhi zikawa nyepesi.

Kisha kaka yake akafariki. Alisafiri kwa basi siku nzima, akalala kwenye mkeka na waombolezaji, akakaa chini siku kadhaa. Mgongo ukakamata vibaya. Ndugu walimpeleka zahanati ya pale kijijini, na huko, kwa nia njema kabisa, alichomwa diklofenaki na kupewa vidonge vya siku tano. Mwalimu alikumbuka kwamba kuna dawa zimekatazwa. Hakujua kama sindano nayo imo, na mgonjwa mwenye maumivu ndani ya msiba hawezi kumhoji mganga. Aliporudi kreatinini ilikuwa 131.

Timu ilimpangia kila kitu isipokuwa siku mbaya. Mpango wa siku mbaya uliandikwa baada ya hapo, ukurasa mmoja kwa Kiswahili ndani ya daftari la kliniki: parasetamoli kwa kipimo na idadi ya juu ya siku, chupa ya maji ya moto, tembea hatua chache kila saa, usilale kutwa, usinunue kitu kipya, piga simu kwa muuguzi wa kliniki. Kwenye jalada ikapigwa mhuri mwekundu unaomlenga mhudumu yeyote: figo ziliumia, asipewe diklofenaki, ibuprofeni, meloksikamu wala piroksikamu, kwa kidonge au sindano.

## Hali baada ya miezi sita

Ukimuuliza namba ya maumivu, sasa anasema 6. Anayetafuta ushindi kwenye namba hiyo ataona tiba imeshindwa. Wastani wa PEG umeshuka kutoka 8.3 hadi 4.7. Anafundisha vipindi viwili mfululizo akiwa amesimama, anatembea kutoka nyumbani mpaka shuleni, mkanda uko kabatini, anapata usingizi wa saa sita. Amerudi kwaya, ingawa hukaa nyimbo zikiwa ndefu.

Losartani imerudishwa kwa mg 50 ya zamani pamoja na amlodipini, haidroklorothiazaidi haikurudi, na presha ni 136 kwa 84. Kreatinini imetulia kwenye 96. Haikurudi 79, na sidhani itarudi.

## Uchambuzi

Kilichoigeuza safari hii ni swali la dawa za kawaida, na ukimya uliofuata baada yake. Orodha ya dawa kwenye faili ilikuwa sahihi na haikuwa na maana. Watu wetu hutofautisha dawa ya hospitali na kidonge cha dukani, na ukiuliza "unatumia dawa gani?" utajibiwa kuhusu ya kwanza. Ulizia kwa jina la maumivu: kichwa kikiuma unanunua nini, mgongo ukiuma, siku za hedhi, magoti. Omba vibahasha vyenyewe.

Mnyororo wa presha unastahili kuangaliwa kwa uchungu zaidi. Diklofenaki ilipandisha presha, presha ikaleta losartani zaidi na haidroklorothiazaidi, na hizo zikaifanya diklofenaki kuwa hatari maradufu. Katika kipindi cha asubuhi mjadala ulitaka kugeuka kuwa lawama kwa muuza duka. Ni kweli alitoa vidonge bila jina. Lakini kliniki ya presha ilimwona mgonjwa huyu mara nyingi, ikiwa na maabara na madaktari, na ikaongeza dawa mara mbili kwa mgonjwa aliyekuwa ametulia kwa miaka bila kuuliza kilichobadilika. Presha iliyotulia ikipanda ghafla, kabla ya kalamu kushuka kwenye karatasi, pawepo swali la vidonge vya maumivu.

Kisha kuna suala la woga wetu kukaa mahali pasipo pake. Morfini iko chini ya mkataba wa kimataifa wa 1961, inafungiwa kabatini, kila mililita inaandikwa daftarini, na wagonjwa wa saratani hunyimwa kwa hofu ya uraibu. Uganda, ambako Hospice Africa Uganda ilianza mwaka 1993, iliruhusu mwaka 2004 wauguzi na maafisa tabibu waliosomea tiba shufaa, yaani ya kupunguza mateso ya wagonjwa mahututi, kuiandika. Sisi bado tunamnyima morfini mwenye saratani ya kizazi na kumpa mwenye presha diklofenaki bila kupepesa jicho. Hii ya pili haimo hata kwenye orodha ya WHO ya dawa muhimu, ambayo ina ibuprofeni na parasetamoli. Tangu 2013 mamlaka ya dawa ya Ulaya imekataza isitumiwe na wenye ugonjwa wa mishipa ya moyo, moyo kushindwa kufanya kazi au waliopata kiharusi. Sisemi diklofenaki ipigwe marufuku. Kwa kijana mwenye mguu ulioteguka, siku tatu, ni dawa nzuri. Nasema tuiandike kwa uzito uleule tunaouwekea morfini.

Kubadilisha kipimo kutoka namba kwenda shughuli kulimsaidia mgonjwa, na kulimsaidia daktari kutoongeza dawa kila anaposikia "bado inauma". Hapa vijana wa mafunzo walibisha vizuri: je, si kumkatisha tamaa mtu kumwambia maumivu hayataisha? Mwalimu alikuwepo kwenye sehemu ya mwisho ya kipindi, akajibu mwenyewe kwamba miaka mitatu aliahidiwa yataisha wiki ijayo, na kila wiki ijayo ilikuja na kibahasha.

Kwenye amitriptilini sina uhakika kwamba ilistahili sifa. Usingizi ulirudi, lakini wakati huohuo mkanda ulivuliwa, hofu ya kupooza iliondoka na miguu ilianza kutembea. Mkisimulia kisa hiki kama ushindi wa nusu kidonge mtakuwa mmekisoma vibaya.

Na kushindwa kwa msiba hakukuwa kwa mgonjwa. Maisha ya huku yana safari ndefu za basi, misiba, harusi za kulala chini, msimu wa kulima. Mpango wa maumivu sugu usiotaja mambo hayo umeandikwa kwa ajili ya mgonjwa asiyekuwepo. Ukurasa wa siku mbaya ulipaswa kutoka siku ileile aliporuhusiwa.

## Kilichobaki

Kliniki ya presha sasa ina swali moja zaidi kwenye meza ya muuguzi, kabla ya mashine ya kupimia, na mfamasia ameanza kuandika jina la dawa kwenye kila bahasha ya dirishani. Maduka ya mtaani hayajaguswa. Mfamasia ameomba kikao na wamiliki wao, na wawili wameonesha nia, ingawa wote wawili wameuliza kwanza watauza nini badala yake.

Mwalimu hupimwa kreatinini kila miezi mitatu. Ziara ijayo itaamua kama nusu kidonge kiendelee au kipunguzwe mpaka kiachwe. Mwenyewe anataka kuacha, mtaalamu wa fiziotherapia anamuunga mkono, na daktari anataka mitihani ya darasa la saba ipite kwanza.